Macho Makavu

Nyumbani kwetu, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri,
mtoto hakumkazia babaye macho.
Macho makavu, mama alisema, hayana mzazi.
Kwa hiyo baba aliponena nilitazama bakuli.
Niliujua kila ufa wake,
na samaki wa buluu aliyechorwa ndani,
mkia umefutika kwa kusuguliwa.
Hukumu zangu zote nilisomewa mbele ya samaki huyo.

Shuleni, Bi. Kowalczyk aliniinua kidevu
kwa kidole kimoja chenye chaki:
"Nitazame ninaposema nawe."
Nikatazama viatu vyake.
Akaandika barua: mtoto huyu ana jambo analificha.

Baba aliisoma siku tatu, kamusi pajani,
neno kwa neno, kama anayechambua mchele wenye mawe.
Siku ya nne akaniuliza,
"Umeficha nini?"
Nikamjibu samaki: sijaficha kitu.
"Vyema," akasema.
Kisha, baada ya kitambo, "Vibaya."
Hakuongeza.

Ilikuwa Toledo, Ohio, mwaka ambao theluji iligoma kuondoka.
Baba, Kuang Baolin, mkaguzi wa vioo, zamu ya usiku,
miaka kumi na moja akisaka mapovu kwenye vioo vya magari;
povu dogo kuliko mbegu ya ufuta halikumpita.
Walipotafuta msimamizi
wakamchukua kijana aliyefundishwa kazi na baba.
Bwana Dombrowski akamgusa bega:
"Wewe ni mtu mwema, Bao. Lakini humtazami mtu.
Nitajuaje unachowaza?"

Alfajiri ile nilimsikia bafuni
akikiamkia kioo kwa Kiingereza:
habari za asubuhi, Bwana Dombrowski,
habari za asubuhi, Bwana Dombrowski,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoiona ikihamwa.

Kisha akaniita.
"Panda hapa." Nikapanda ukingo wa beseni la kuogea.
"Leo wewe ndiwe Dombrowski. Nitazame."
Baba, siwezi.
"Dombrowski haniiti baba."

Nikainua macho.
Nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kuyaona macho ya baba yangu.
Yalikuwa ya kahawia. Siku zote nilidhani meusi.
La kulia lilikuwa na doa, kovu la chembe ya kioo
ambayo hakutusimulia.
Akatazama. Nikatazama.
Taya lake likatetemeka.
Aliyeinamisha kwanza ni yeye,
na aibu ikanishika mimi,
kana kwamba nimemfumania akivaa.

"Tena," akasema, akiliangalia bomba.

Basi ikawa sheria: kizingiti ndicho mpaka.
Tulipovulia viatu ndipo tulipovulia na macho.
Nje, juu. Ndani, chini.
Mama akacheka: nyumba hii sasa ina forodha.
Nami nilikosea, tena si mara moja.
Jioni moja nilimkazia macho mezani,
akanyamaza, vijiti vimesimama hewani,
nikangoja kofi.
Halikuja.
Alilisogeza tu bakuli karibu yangu,
nikumbuke mahali pa kutazama.

Cheo hakukipata. Dombrowski alihamishiwa Indiana,
na aliyemfuata hakumtazama mtu yeyote,
alitazama saa.

Sasa baba ana miaka sabini na sita.
Binti yangu Suyin humpandia magotini,
humshika mashavu kwa mikono yenye jamu:
"Babu, jicho lako lina nukta."
Na mzee hutulia, macho wazi,
akikaguliwa
kama kioo kilichoinuliwa kwenye taa.

Mimi bado siwezi.
Tukizungumza, natazama sikio lake la kushoto,
naye hutazama langu.
Tunasikilizana sana.